Kudibagi programu za Java zinazokaa kwenye seva: ninavyoandaa kompyuta yangu hapa Kigoma

Karani wa mwalo wa Kibirizi alinipigia simu saa mbili asubuhi. "Fundi, kilo zangu 340 ziko wapi? Nimeziingiza mwenyewe, na simu imeniambia zimepokelewa." Nikafungua daftari la mfumo. Kibirizi hakuna kitu. Katonga, ambako asubuhi ile mitumbwi ilirudi na dagaa wa kuokoteza tu, pana kilo 340 za ziada.

"Nipe siku moja, kaka," nikamwambia.

Zikawa tatu. Mbili za kwanza niliziteketeza kwa kupachika System.out.println kila pembe ya msimbo, nikijenga upya, nikiwasha seva upya, nikisoma logi (rekodi za seva) mpaka macho yakauma. Kwenye kompyuta yangu kosa lilikataa kabisa kujitokeza. Siku ya tatu nilikaa nikaandaa mashine kama nilivyotakiwa kuiandaa tangu mwanzo, na kosa nikaliona kwa macho yangu kabla chai haijapoa. Maandalizi hayo, ya kudibagi (kuisimamisha programu ikiwa inakimbia na kuitazama ndani ili kusaka kosa), ndiyo haya. Mfumo wenyewe ulikuwa mdogo: makarani wa mialo miwili wanaingiza kilo za dagaa na migebuka kwa simu, programu ya Java kwenye seva inapokea na kuandika.

Kabla ya yote, bando

Pakua vitu vyako mara moja, usiku, mtandao ukiwa na nafasi. Unahitaji vinne: JDK (zana za kutengeneza programu za Java), Tomcat (seva inayoziendesha), Maven (inayojenga mradi) na Eclipse (ya kuandikia msimbo na kudibagi). Tomcat ni nyepesi, haifiki MB 20. JDK ni kama MB 200. Eclipse ndiyo mzigo, hesabu nusu GB au zaidi, na uchague ile ya Enterprise Java and Web Developers. Kama una rafiki aliyekwisha kuvipakua, mfuate na flashi; hakuna aibu.

Maven ndiyo inayokula bando kimyakimya. Kila maktaba ambayo mradi wako unaitegemea huivuta mtandaoni na kuiweka kwenye folda ya .m2 iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani. Ukiwa bado na mtandao, ingia kwenye folda ya mradi uendeshe:

```
mvn dependency:go-offline
mvn package
```

Ya pili usiiruke. Ya kwanza huwa inasahau baadhi ya programu-jalizi, nawe utagundua hilo ukiwa huna salio. Baada ya hapo jenga kwa `mvn -o package`; ile -o inaikataza Maven kugusa mtandao. Folda nzima ya .m2 unaweza kuinakili kwenye flashi na kumpa mwenzako.

JDK, na siyo JRE

Chukua toleo la 17 au la 21. Yote mawili ni ya kudumu, yanapewa marekebisho kwa miaka mingi. Kwenye Ubuntu:

```
sudo apt install openjdk-17-jdk
java -version
javac -version
```

Kama amri ya java inajibu na ya javac inasema haijulikani, umesakinisha JRE: inaendesha programu lakini kompaila haina. Rudi uchukue ile inayoishia na jdk. Kisha ionyeshe Tomcat mahali Java ilipo:

```
export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64
```

Mstari huo uweke mwishoni mwa faili la .bashrc ili usiuandike kila siku. Kwenye Windows unaweka JAVA_HOME kupitia mipangilio ya mfumo, unafunga dirisha la amri, unafungua jipya. Wengi husahau kulifunga, halafu wanalaumu Java.

Tomcat ipi?

Hapa watu hupotea, kwa hiyo tuende polepole. Mpaka Tomcat 9, msimbo wa servlet (klasi ya Java inayopokea maombi ya mtandao) unaanza na `import javax.servlet`. Kuanzia Tomcat 10, jina limekuwa `jakarta.servlet`. Programu iliyoandikwa kwa jina la zamani ukiitupa kwenye Tomcat 10 kama ilivyo haitafanya kazi, na mara nyingi haisemi sababu kwa lugha ya kueleweka: unapata 404 (ukurasa haupo) tu, unaanza kukagua anwani wakati anwani haina kosa. Fungua faili moja la servlet, soma mistari ya import, ndipo uchague Tomcat. Mfumo wangu ulikuwa wa jakarta, hivyo nilichukua 10.1, na kwenye pom.xml (faili la mipangilio ya Maven) nikaweka jakarta.servlet-api toleo 6.0.0 lenye scope ya provided, yaani Tomcat inayo tayari.

Pakua faili la tar.gz ulifungue ndani ya folda yako ya nyumbani. Ile inayokuja kwa apt iache: mafaili yake yametawanyika sehemu nyingi na ruhusa zake zitakusumbua. Unataka folda moja ambayo ukiiharibu unaifuta na kuifungua upya.

Kufungua mlango wa kudibagi

Mashine ya Java ina njia yake ya kuzungumza na dibaga (programu ya kudibagia, kama ile ya Eclipse) iliyo nje yake. Itifaki hiyo inaitwa JDWP, nayo hupita kwenye poti ya kawaida ya mtandao. Eclipse inaweza kuiwasha Tomcat yenyewe kwa kubonyeza kitufe, na kwa mazoezi inatosha. Mimi sipendi njia hiyo. Inakuficha kinachoendelea, na siku seva ikiwa mbali nawe hutajua pa kuanzia. Jifunze kuiwasha seva peke yake na kuunganisha dibaga kwa mkono. Ukiijua hiyo, seva iwe mezani kwako au Dar es Salaam, mambo ni yaleyale.

Ndani ya folda ya bin ya Tomcat tengeneza faili liitwalo setenv.sh, uandike:

```
export JPDA_ADDRESS=localhost:8000
export CATALINA_OPTS="-Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam"
```

Kisha washa:

```
bin/catalina.sh jpda run
```

Kwenye Windows faili litakuwa setenv.bat, badala ya export utatumia set bila alama za nukuu, na utawasha kwa `bin\catalina.bat jpda run`. Neno run linaiacha seva mbele yako ili uone logi inavyotiririka. Mstari wa kutafuta ni huu:

```
Listening for transport dt_socket at address: 8000
```

Usipouona, usiendelee. Ama umesahau neno jpda, ama kuna programu nyingine imekalia poti 8000.

Mtego mmoja ulionila saa nzima: mtandaoni utakuta watu wakishauri uweke mpangilio wa `-agentlib:jdwp` ndani ya JAVA_OPTS. Usifanye hivyo. Tomcat hutumia JAVA_OPTS hata inapozimwa, maana amri ya kuzima nayo huwasha mashine ndogo ya Java. Mashine hiyo ndogo itajaribu kufungua poti 8000, itakuta seva yako imeshaikalia, itakufa, na seva itabaki hai. Ukilazimika kuuandika mwenyewe, mahali pake ni CATALINA_OPTS, ambayo haisomwi wakati wa kuzima.

Ule mstari wa saa za eneo (-Duser.timezone) si pambo. Seva nyingi za kukodi hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na mtumbwi ukirudi saa nane usiku, kwa UTC bado ni saa tano usiku wa jana. Mzigo unaandikwa tarehe ya jana na hesabu za siku zinagoma kufungwa. Kompyuta yako ikiwa na saa za hapa na seva ikiwa na za UTC, kosa kama hilo hutaliona nyumbani hata ukeshe. (Jua la Kigoma huchomoza karibu dakika 40 nyuma ya la Dar, lakini saa ya ukutani ni moja, na Java inajali ya ukutani tu.)

Kuiunganisha Eclipse

Leta mradi wako ndani ya Eclipse kama mradi wa Maven. Jenga kwa `mvn -o package`, kisha nakili faili la war (programu nzima iliyofungwa kuwa faili moja) kwenye folda ya webapps ya Tomcat. Langu linaitwa dagaa.war, hivyo programu inapatikana kwenye http://localhost:8080/dagaa.

Halafu fungua menyu ya Run, Debug Configurations, chagua Remote Java Application, tengeneza mpya. Jaza mradi wako, Host iwe localhost, Port iwe 8000. Bonyeza Debug. Ukibadilisha mwonekano kwenda Debug utaona orodha ya nyuzi (threads, kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) za Tomcat, zenye majina kama http-nio-8080-exec-1. Kila ombi linaloingia hupewa uzi mmoja kati ya hizo. Jina hilo liweke kichwani, tutalirudia.

IntelliJ IDEA, programu nyingine ya aina ya Eclipse, nayo inafanya kazi hiyohiyo. Angalia tu poti, kwa kuwa yenyewe hupendekeza 5005.

Kuweka kituo

Brekipointi, yaani mstari unaoiambia programu isimame, mimi naiita kituo. Treni ya kutoka Tabora ikifika Kaliua, reli inagawanyika: moja inakwenda Mpanda, nyingine inakuja kwetu. Ukitaka kujua behewa lako limepotelea njia ipi, unasimama Kaliua. Ukisubiri Uvinza utaona tu kwamba halijafika. Msimbo ni hivyohivyo. Weka kituo pale ambapo data bado ingeweza kwenda njia mbili, usikiweke kule ambako umeshaiona imeharibika.

Bofya mara mbili ukingoni kushoto mwa mstari. Kitatokea kidoti cha bluu, na kikiwa kimekubaliwa na seva kinapata alama ndogo ya vema. Kidoti bila vema maana yake ama klasi hiyo haijapakiwa bado, yaani hakuna ombi lililoifikia, ama seva inaendesha msimbo tofauti na huu unaoutazama. Hili la pili linatokea mno: umerekebisha faili, hukujenga upya, unadibagi kivuli. Ukiona mshale unasimama kwenye mstari mtupu au kwenye maelezo (comment), ndilo hilo. Jenga, nakili war, jaribu tena.

Na Eclipse ikikuambia haiwezi kuweka brekipointi kwa sababu ya "missing line number attributes", klasi zilikusanywa bila namba za mistari. Maven huziweka yenyewe. Mtu ameziondoa kwenye pom.xml, mtafute.

Ombi likifika kituoni, kila kitu cha uzi huo kinasimama nawe unatembea: F6 kwenda mstari unaofuata, F5 kuingia ndani ya methodi, F7 kutoka, F8 kuruhusu safari iendelee.

Kilo 340

Msimbo wangu ulikuwa hivi:

```java
@WebServlet("/mizigo")
public class MizigoServlet extends HttpServlet {

    private final Daftari daftari = new Daftari();
    private String mwalo;

    @Override
    protected void doPost(HttpServletRequest ombi,
            HttpServletResponse jibu) throws IOException {
        mwalo = ombi.getParameter("mwalo");
        double kilo = Double.parseDouble(ombi.getParameter("kilo"));
        daftari.andika(mwalo, kilo);
        jibu.getWriter().println("Imepokelewa");
    }
}
```

Usicheke, niliuandika usiku. Weka kituo kwenye mstari wa daftari.andika. Bofya kulia juu ya kidoti, fungua Breakpoint Properties, hakikisha imechaguliwa Suspend Thread na siyo Suspend VM. Kwenye Eclipse huwa hivyo tangu mwanzo. Kwenye IntelliJ badilisha mwenyewe kutoka All kwenda Thread. Tofauti yake ni kubwa. Ukisimamisha mashine nzima, ombi la pili haliwezi hata kuingia, na kosa la aina hii halitokei abadani. Ukisimamisha uzi mmoja, unaweza kumzuia karani mmoja mlangoni huku mwingine akipita.

Sasa fungua terminali mbili; tutatuma maombi kwa amri ya curl badala ya simu. Kwenye ya kwanza:

```
curl -d "mwalo=Kibirizi&kilo=340" http://localhost:8080/dagaa/mizigo
```

Amri itaning'inia. Eclipse imesimama kwenye exec-1. Fungua `this` kwenye dirisha la Variables: mwalo ni Kibirizi, kilo ni 340.0. Safi. Usiiguse. Nenda terminali ya pili:

```
curl -d "mwalo=Katonga&kilo=25" http://localhost:8080/dagaa/mizigo
```

Nayo inasimama, kwenye exec-2. Sasa rudi kwenye orodha ya nyuzi, bofya exec-1, fungua `this` tena. kilo bado ni 340.0. mwalo ni Katonga.

Hakuna mstari hata mmoja uliotembea kwenye uzi ule, na thamani imebadilika. Tazama na namba ya utambulisho iliyo pembeni ya MizigoServlet, kwangu ilikuwa id=57: nyuzi zote mbili zina 57 ileile. Ni objekti moja. Tomcat hutengeneza servlet moja tu kwa kila tangazo, na maombi yote hupita ndani yake kwa wakati mmoja. Sehemu ya klasi kama ile `mwalo` yangu ni ubao mmoja ambao makarani wote wanauandikia na kuufuta. Kilo zilibaki salama kwa kuwa zilitangazwa ndani ya methodi, na cha ndani ya methodi ni cha uzi wenyewe.

Zile println zangu zilishindwa kwa sababu nilikuwa najaribu peke yangu, ombi moja baada ya jingine. Tena mialo yote miwili hupokea mitumbwi alfajiri ileile, makarani wanabonyeza kwa pamoja. Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa wanapumzika, mfumo unakuwa kimya, na kosa linakaa kimya pia.

Dawa ni kufuta ile sehemu ya klasi na kuandika `String mwalo = ombi.getParameter("mwalo");` ndani ya doPost. Ukihifadhi faili huku dibaga imeunganishwa, Eclipse itajaribu kuipeleka klasi mpya kwenye seva inayokimbia. Huwa inaweza ukibadilisha tu yaliyomo ndani ya methodi. Hapa tumefuta sehemu ya klasi, umbo lake limebadilika, kwa hiyo itakataa na kukuonya. Bonyeza Continue, jenga upya, nakili war, rudia zile curl mbili. Safari hii exec-1 itashikilia Kibirizi hata upitishe Katonga mara kumi.

Seva ikiwa mbali

Mara nyingine kosa liko kule kwenye seva ya kukodi tu. JDWP haina nywila. Yeyote anayeifikia poti hiyo anaweza kuendesha msimbo wowote ndani ya seva yako, na wapo wanaozunguka mtandaoni wakipapasa poti kama hizi usiku na mchana. Ndiyo maana kwenye setenv.sh tuliandika localhost. Ukikuta mwongozo unaosema `address=*:8000`, ile nyota inaufungulia mlango ulimwengu mzima. Kwenye matoleo ya kabla ya Java 9 namba ya poti peke yake ilitosha kufanya hivyo, kwa hiyo seva kuukuu zikague mara mbili.

Pitia kwenye SSH, njia ya siri ya kuingia kwenye seva iliyo mbali:

```
ssh -L 8000:localhost:8000 jina@anwani-ya-seva
```

Iache dirisha hilo likiwa wazi, kisha Eclipse iunganishe na localhost:8000 kama kawaida. Kama kwenye kompyuta yako Tomcat inakimbia na poti 8000, izime kwanza. Vinginevyo utadibagi seva yako mwenyewe ukidhani uko Dar.

Kwenye seva ambayo watu wanaitumia, kituo cha kusimamisha ni hatari: karani aliyenaswa anaona simu inazunguka tu, anabonyeza tena, na mzigo unaingia mara mbili. Mbaya zaidi, umeme ukikatika hapa na laptopu ikazima ghafla, seva inaweza kukaa muda mrefu bila kujua kwamba umeondoka, na uzi ukabaki umesimama. Weka sharti kwenye kituo. Kwenye Breakpoint Properties washa Conditional uandike:

```java
System.out.println(mwalo + " " + kilo); return false;
```

Sharti linarudisha false, kwa hiyo hakuna anayesimamishwa, lakini kila anayepita anaandikwa kwenye logi ya Tomcat. Ni println uliyoipachika bila kujenga wala kuwasha upya chochote, na ukikata muunganisho inatoweka.

Ukimaliza, bonyeza Disconnect kwenye Eclipse, siyo Terminate, maana Terminate inaweza kuizima seva yenyewe. Zima Tomcat kwa `bin/catalina.sh stop`, iwashe tena kwa `bin/catalina.sh start` bila neno jpda, kisha kagua ukiwa palepale kwenye seva:

```
ss -ltn | grep 8000
```

Isipojibu kitu, mlango umefungwa.